Funda la Maji

Mbwana alilala saa nne kasorobo, baada ya kulia tangu alfajiri. Nilimlaza mkekani taratibu, nikarudi jikoni kukamua tui la mchuzi. Moyo wangu haukutulia. Ana miezi mitatu. Akiwa macho natamani alale. Akilala nasimama mlangoni nikisikiliza kama anapumua.

Nilitoka uani mara moja tu kuanua nepi. Niliporudi, Hafsa, binti yangu wa miaka minne, alikuwa amepiga magoti kando ya mdogo wake, bakuli mkononi. Tui lote lilikuwa kichwani mwa Mbwana, shingoni, masikioni. Mtoto alikuwa akipiga mayowe.

"Ninamkanda, mama. Kama bibi."

Bibi yake humkanda Mbwana kwa mafuta ya nazi kila asubuhi. Hilo ninalielewa sasa. Wakati ule sikuelewa kitu.

"Toka! Sikutaki! Laiti ningalijua, nisingalikuzaa!"

Hafsa alinitazama. "Mama mbaya," akasema polepole, akaweka bakuli chini, akatoka.

Nilimwosha Mbwana, nikamnyonyesha huku nikizunguka chumbani. Nilikaa, nikainuka, nikakaa tena. Chuoni nilisomea kufundisha watoto wadogo, nikaandika kurasa ishirini kuhusu hasira zao. Za mama hakuna aliyeniuliza. Na hapa kwetu Mwabungo, kila mtu anajua kwamba neno la mama lililotoka kwa hasira haliachwi hivi hivi juu ya mtoto.

"Hafsa!"

Nilichungulia mlangoni. Kandambili zake hazikuwapo. Gauni lake la Idi pia halikuwapo.

Nilimfunga Mbwana mgongoni kwa leso, nikakata shamba la mikanju mbio mpaka kwa mama mkwe wangu, Mwanapili. Alikuwa uani akishona makuti. Hafsa alikuwa amejibanza nyuma yake, gauni amelikumbatia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgeni wangu asema amehamia. Aniuliza atalala upande gani wa kitanda."

"Hafsa, njoo. Nitakununulia biskuti."

"Sitaki. Wewe si mama yangu. Umesema."

Nilimnyooshea mkono, akajificha tena.

"Biskuti!" Mama mkwe alicheka. "Neno limekutoka kinywani, nawe watafuta dawa dukani? Mwanarusi, maji wayajua."

Niliyajua. Mama aliyemtamkia mwanawe vibaya hupiga funda la maji, akampulizia kifuani, akasema moyo wake umekuwa mweupe. Mama yangu alinifanyia zaidi ya mara moja. Lakini moyo wenyewe uwe mweupe kweli.

Nilichota maji mtungini kwa kata, nikaishika. Harufu ya tui ilikuwa bado inanijia kutoka mgongoni.

"Kama hasira ipo, ngoja," alisema mama mkwe. "Usimdanganye mtoto."

Nikaiweka kata chini. Nilizunguka ua mara moja, mara mbili. Mbwana alilia, akanyamaza. Nilipogeuka, nilimwona Hafsa akiinusa mikono yake.

"Sikumkanda kwa nguvu," aliniambia. "Nilimkanda polepole, asiamke."

Hapo ndipo hasira iliponitoka, yote, pamoja na machozi. Niliichukua tena kata, nikapiga magoti mbele yake, nikapiga funda, nikampulizia kifuani.

"Nilisema kwa hasira, mwanangu. Nimeyafuta. Nilikutaka hata kabla hujazaliwa, na leo nakutaka. Moyo wangu mweupe."

Aliyatazama maji yakitiririka tumboni. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe kata. Na mimi nilikuambia mama mbaya."

Alijaza mashavu mpaka macho yakamtoka, akanirushia maji yote usoni. Mama mkwe alicheka hata kuti likamponyoka.

"Kifuani, wee! Si usoni!"

"Moyo wangu mweupe," alisema Hafsa kwa heshima zote. Akanitazama nikijifuta. "Na biskuti je?"

Mgongoni, Mbwana akaanza kulia upya. Nilisimama nikimtikisa, nikampa Hafsa kidole changu akishike, tukashika njia ya dukani.