Lami Iliyokaa Ovenini

Mume wangu alifia maabara, amekaa kwenye stuli pembeni ya oveni. Mlinzi ndiye aliyemkuta, jioni, alipokuja kufunga madirisha. Daktari akasema ni moyo, ghafla, hakuteseka. Neno hilo ndilo linalomlaza mama mkwe wangu. Kila jioni tukikaa kula ananiuliza, "Mwanangu, kweli hakuteseka?" Namjibu, "Ghafla, mama." Anashusha pumzi, anakula. Siku niliyochelewa kumjibu, hakugusa sahani.

Mimi sikulia. Msibani watu walinitolea macho wee, mpaka wakachoka. Sisikii uchungu wala njaa. Nikijigonga kidole nakitazama tu. Nilirudi kazini mapema, wifi yangu akanisema mpaka basi. Akae yeye nyumbani kutazama ukuta.

Mimi na marehemu tulikuwa na kazi moja. Kabla barabara haijamwagwa lami, sisi tunapima mchanganyiko utakuwa mgumu kiasi gani magari yakianza kupita. Unachanganya kokoto na lami ya moto, unaweka sinia ovenini kwa muda uliopangwa, unashindilia kwenye kopo la chuma, kinatoka kipande kama mkate wa duara. Kikishapoa, mashine inakigonga taratibu bila kukivunja, inapima kimebonyea kiasi gani. Kompyuta inakuwa imeshakadiria jibu, wewe unalinganisha.

Mkorofi ni oveni. Lami ikikaa humo kupita kiasi inakakamaa, na kipande kinakudanganya. Kwa hiyo mume wangu hakuwa na mchezo na muda, mpaka kazini wakambandika jina la Dakika. Angeweza kumwacha bosi mdomo wazi katikati ya maneno, akakimbilia sinia yake. Hata siku ya kunichumbia aliangalia saa.

Leo mhandisi wetu aliniletea vipande vitatu. "Vya marehemu," akasema, macho kwenye viatu vyake. "Vya siku ile. Kama utaweza."

Pembeni vilikuwa na mwandiko wake wa chaki. Nikaweza. Kwa nini nisiweze?

Cha kwanza kikatoa ugumu karibu mara mbili ya makadirio. Nikasema, haya, mashine imeanza uhuni wake. Nikaweka kile kipande cha plastiki cha kuijaribia. Mashine nzima kabisa. Cha pili, vilevile. Cha tatu, vilevile.

"Lami mbovu?" mhandisi akauliza.

"Ya pipa hilohilo tulipima juzi, ikawa sawa."

"Basi sinia ilisahauliwa ovenini."

"Na nani?"

Akageuza kipande, akatazama namba ya chaki. Dakika asahau sinia! Wote wawili tulijua haiwezekani.

Asubuhi ya siku ile nilimwacha akichanganya, mimi nikaenda kwenye ujenzi. Sinia ilitakiwa itoke kabla ya chakula cha mchana. Ugumu kama ule hauji kwa kuchelewa kidogo. Lami ilishinda mle. Mchana kutwa mume wangu alikaa pale, oveni iko karibu kiasi cha kunyoosha mkono, akashindwa kuinuka. Simu yake ilikuwa kwenye koti, mlangoni. Halafu jioni akainuka, Mungu wangu, akashindilia vyote vitatu, akaandika namba, akarudi kukaa. Hiyo ndiyo ghafla yao.

"Tupa," mhandisi akasema polepole. "Utatengeneza vingine. Pole, dada."

Nikavitupa kimoja kimoja kwenye pipa la taka. Nilikuwa natazama mikono yangu ikifanya hivyo. Nikafuta meza, nikazima mashine, nikarudi nyumbani.

Mama alikuwa ameshapakua. Alisubiri ninawe, nikae.

"Mwanangu, kweli hakuteseka?"

"Ghafla, mama." Nikaona haitoshi, nikaongeza, "Alikuwa ametoka tu kutaniana na wenzake, akakaa, mara kanyamaza. Hata hakujua."

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka, mama."

Akashusha pumzi, akavuta sahani. Alikula vizuri kuliko siku zote tangu msiba. Mimi nikaweka kijiko chini.

"Mbona wewe huli?"

"Nafuata maji," nikasema. Nikaenda jikoni, nikafungua bomba mpaka mwisho, nikalia humo, mama asinisikie, amalize chakula chake.