Mwenye Lojingi Hayumo

Kila Krismasi watu wa Kaloleni walikuja kanisani kumwona Opondo akiwafukuza Yusufu na Mariamu. Kwaya ilikuwa nzuri na mahubiri hayakuwa mabaya, lakini aliyejaza viti ni Opondo. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuweza kuita feri irudi ufukoni, na riziki yake ilikuwa lojingi ndogo pale Mamboleo, kwa hiyo mambo ya vyumba kujaa aliyajua vizuri. Katika mchezo wa Krismasi alijitokeza mlangoni akiwa na fulana, shuka kiunoni, mswaki mdomoni, akanguruma, "Hakuna nafasi!" Watoto waliangua kicheko kabla hata Mariamu hajafungua mdomo. Maneno hayo yalimganda mtaani kama jina. Akipita sokoni, wauza samaki walimwita: "Hakuna Nafasi, umeamkaje?" Naye aliitika kwa furaha.

Mwaka huo mchezo ulikabidhiwa Lorine Aoko, mwalimu wa Shule ya Jumapili. Alikuwa bado kijana, na alikuwa na tabia iliyowachosha baadhi ya wazee: hakufanya kitu kabla ya kukisoma. Alikaa na Injili ya Luka, kisha ya Mathayo, penseli mkononi, atoe maneno ya kila mhusika. Alipofika kwa mwenye lojingi hakuona neno. Akarudi mwanzo wa sura, akasoma polepole. Mtu mwenyewe hakuwepo.

Asubuhi iliyofuata alikwenda Mamboleo. Hakutaka Opondo asikie habari hiyo kwa watu wengine. Alimkuta akitandika kitanda katika chumba cha mbele.

"Baba, mwaka huu ile sehemu yako haitakuwepo," alimwambia.

"Umempa nani?"

"Sijampa mtu. Haimo kwenye Biblia. Hakuna mahali panaposema kuna mtu aliyewafukuza."

Opondo alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akaacha shuka. "Nyathina, mwanangu, mimi nimewafukuza hao watu tangu wewe ukiwa mtoto wa kubebwa. Leo unakuja kuniambia sipo?"

"Usiniamini mimi. Soma mwenyewe."

"Nitasoma," alisema Opondo kwa hasira. "Na nikimpata, utaniomba msamaha mbele ya kanisa zima."

"Ukimpata, nitakuomba."

Lorine alirudi Kaloleni bila wasiwasi wowote. Alijua alichosoma.

Jumamosi, watoto wakiwa mazoezini, Opondo aliingia kanisani na Biblia kwapani. Alijitupa kwenye benchi la mbele.

"Nimemtafuta," alisema. "Nimesoma Luka. Nimesoma Mathayo. Nikaingia hata kwa Marko, nikidhani amejificha huko. Hayumo. Na punda je?"

"Punda pia hayumo."

"Mariamu alitembea na mimba yote ile?"

"Haisemi alisafiri vipi. Punda tumemleta sisi."

Opondo alitikisa kichwa. "Lakini nyumba ya wageni imeandikwa. Hiyo nimeiona kwa macho yangu."

Lorine akaketi karibu naye. Alimweleza kwamba wasomaji wengi wa Kigiriki wanasema neno lile laweza kuwa chumba cha wageni ndani ya nyumba ya mtu, na kwamba Luka huyo huyo analitumia tena kwa chumba ambamo Yesu alikula Pasaka. "Hebu fikiria, Baba. Yusufu alikuwa anaenda kwao, mji wa ukoo wake. Mtu akienda kwao, analala lojingi?"

Opondo alikumbuka kwao. Alikuwa mtu wa Luanda Kotieno, na kila mwaka, mchezo wa Krismasi ukiisha, alifunga vyumba vyake akaenda dala, nyumbani kwa baba yake, ambako ndugu walijazana hadi wengine wakalala jikoni. Hakumjua mtu hata mmoja aliyefika kwao akaenda kutafuta chumba cha kukodi. Angefanya hivyo, ukoo mzima ungeaibika.

"Na hori ya kulia ng'ombe?" aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Huko kwao wengi waliingiza mifugo ndani usiku. Hori ilikuwa mle mle nyumbani."

"Kama kwa nyanya yangu!" Opondo alisimama. "Mbuzi na ndama walilala ndani, nyuma ya kamba. Mimi mwenyewe nilizaliwa mle, mbuzi wakitazama. Hakuna aliyenionea huruma." Akamgeukia Lorine. "Sasa mimi ni nani?"

"Wewe ni mwenye boma. Baba mdogo wa Yusufu. Huyo naye hajaandikwa, na nitawaambia watu hivyo mapema. Lakini lazima mtu awafungulie mlango."

Kazi ngumu ilikuwa kwa Mama Kageha, mshonaji, aliyekuwa ametengeneza taji tatu za wafalme kwa karatasi ya dhahabu.

"Zawadi ni tatu," alisema Lorine. "Watu wenyewe hawakuhesabiwa. Wala hawakuwa wafalme, Mama. Ni mamajusi, watu wa kusoma nyota. Na walimkuta mtoto nyumbani, pengine ameshaanza kusimama."

"Kwa hiyo hawakukutana na wachungaji?"

"Hawakukutana."

Mama Kageha alikunja taji zake akaenda moja kwa moja kwa Mzee Wechuli, mwenyekiti wa kanisa. Jumapili baada ya ibada, Wechuli alimwita Lorine mbele ya kamati. Hakuwa mtu mkali. Alizungumza kama baba.

"Mwalimu, watu hawaji kanisani siku ya Krismasi kusahihishwa. Wanakuja kufurahi. Mama zetu walituonyesha punda na wafalme watatu, na tuliamini, na hatukupotea."

"Hamkupotea, Mzee," alisema Lorine. "Lakini kila mwaka tunawaonyesha watoto kwamba Yesu alikosa hata ndugu mmoja wa kumpokea. Nimetafuta hilo, sikuliona. Mkinipa nafasi, watu watafurahi."

"Na wasipofurahi?"

"Mchezo wa mwaka ujao mpeni mwingine. Sitalalamika."

Wechuli akatazama kamati, akingoja mtu apinge. Kutoka mlangoni ikaja ile sauti ya kuita feri: "Mimi niko na mwalimu." Kama Opondo mwenyewe alikuwa amekubali kuacha kuchekesha watu, kamati ingesema nini? Wakaruhusu.

Asubuhi ya Krismasi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Lorine alisimama akasema kwa maneno machache kilichoandikwa na kilichoongezwa, kisha akakaa. Yusufu akaingia na Valarie, msichana aliyeigiza Mariamu, kwa miguu. Mnong'ono ukapita: punda yuko wapi? Yusufu akabisha hodi. Opondo akatokea, fulana na shuka vilevile, na kabla hajasema neno kanisa zima likapiga kelele kwa furaha:

"Hakuna nafasi!"

Hilo halikuwa kwenye mazoezi. Lorine alikaza mikono magotini, lakini hakunyanyuka. Opondo alitoa mswaki mdomoni, akawageukia watu.

"Nani amesema hivyo?" alinguruma. "Huyu ni mtoto wa ndugu yangu! Ninyi mkitoka Nairobi na wake zenu, mnalala lojingi? Kama mnalala lojingi, mbona Desemba yote vyumba vyangu vitupu?"

Kicheko kilipasuka. Akangoja kitulie, kisha akasema taratibu, "Chumba cha wageni kimejaa, ndugu wamefika wengi. Mama, ingia huku ndani kwetu. Mbuzi watasogea."

Akamshika Valarie mkono. Na hapo mwanamke mmoja katika viti vya nyuma, asiye na sehemu yoyote katika mchezo, alipiga kigelegele kama apigavyo mkunga akipokea mtoto. Wengine wakamfuata. Wanawake walisimama, leso zikavuliwa mabegani, na Mariamu akazungukwa na shangazi wa kweli wa Kaloleni, hata watoto waliokuwa mbuzi wakasukumwa pembeni. Lorine alijikuta analia na kucheka pamoja.

Mamajusi waliingia mwisho, baada ya wimbo mrefu wa kupitisha muda, na walikuwa kundi zima: kila mtoto aliyewahi kukosa sehemu, kila mmoja na kilemba. Vilemba vilishonwa na Mama Kageha. Alikuwa amevileta asubuhi hiyo bila kueleza chochote.

"Lakini punda nitamtetea," alimwambia Lorine baada ya ibada. "Kutoandikwa si kusema hakuwepo."

"Hilo ni kweli, Mama," alisema Lorine, na wakapeana mikono.

Mzee Wechuli alibaki amesimama karibu na hori, akisubiri watu wapungue. "Walifurahi," alisema hatimaye. Kisha akauliza kama Lorine angeweza kuandaa na mchezo wa Pasaka.

Nje, chini ya jua kali, watu walikuwa wamefungua Biblia zao kwenye ngazi, wakibishana idadi ya mamajusi. Opondo alikuwa katikati yao, kidole juu ya ukurasa wa Mathayo. Alipomwona Lorine akamwita.

"Mwalimu, hapa wanakimbilia Misri. Huko walipokelewa na nani?"

"Haijaandikwa, Baba."

Opondo aliinamia tena kitabu. "Ngoja," alisema. "Nitasoma tena."