Mkojo wa Kukopesha

Bibi muuza chai alikuwa na mjukuu mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa na fujo za watoto sita, ndiyo maana akaitwa Kasheshe mpaka hata mwalimu wake akalisahau jina la kwenye cheti. Mama yake alifariki siku ya kumzaa. Baba yake alitoka kwenda kununua kiberiti, na mpaka leo anakitafuta. Wakabaki bibi na mjukuu, chumba kimoja, kitanda kimoja, na ndimi mbili za kuwasumbua mafundi wa gereji waliokuwa wakinywa chai yao.

Ugonjwa ulianzia kooni. Kasheshe aliumwa koo siku mbili, kisha akatoka chooni akamwambia bibi yake kwamba amekojoa chai ya rangi. Bibi alidhani ni utani wao wa kila siku, akamjibu kwamba majani yamezidi, aongeze maji. Mtoto hakucheka. Bibi akaenda kuchungulia mwenyewe, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Hospitali walimkuta daktari wa figo, mama wa miwani asiye na papara. Aliwaeleza kwamba mwili ukipigana na ugonjwa wa koo hutengeneza askari wake. Askari wa Kasheshe walikuwa wameumbwa kombo: vita vikiisha hawatawanyiki, wanashikamana wao kwa wao, damu inawabeba mpaka kwenye figo, na huko wanakwama kwenye vichujio. Vichujio vinavimba, vinavujisha damu, na vikikaa hivyo sana vinaota makovu.

Bibi alielewa kuliko alivyopenda kuelewa. Maisha yake yote alikuwa na chujio mkononi. Akauliza kama haiwezekani kulikung'uta na kulimwagia maji ya moto, maana lake huwa linazibuka hivyo. Daktari akasema la figo halikung'utwi. Kuna vidonge vya kuwatuliza hao askari, na kila kliniki mtoto atapimwa mkojo, kuona kinachovuja, na damu, kuona takataka ambazo figo zimeshindwa kuzitoa.

"Mkojo usiposafika," alisema, "tutachukua kipande kidogo cha figo kwa sindano ya mgongoni, tukiangalie kwa darubini."

Hayo mengine yote bibi aliyasahau njiani, ila kipande alifika nacho nyumbani. Figo zenyewe mbili, ndogo, gonjwa, halafu zimegwe? Ndizi ukiimega haioti tena. Kasheshe naye alikuwa amesikia. Tangu siku hiyo alilala ameegemeza mgongo ukutani, kama mtu anayelinda mzigo wake stendi.

Siku ya kliniki waliingia pamoja kwenye choo cha hospitali, kile ambacho mlango wake unafungwa kwa kushikiliwa na mguu. Kasheshe alikojoa kwenye kikopo, wakauinua mwangani. Chai ile ile. Mtoto akaurudisha mgongo wake ukutani.

Bibi hakuwahi kukosa ujanja tangu ujana wake, na ujanja haujui kustaafu. Aliumwaga ule mkojo, akakisuuza kikopo, akakikausha kwa kanga yake, akachuchumaa.

"Huu nakukopesha," alisema. "Ukipata wako mzuri utanirudishia."

Kasheshe alicheka mpaka akashika ukuta. Walitoka chooni wamekunja nyuso kama watu wanaotoka msibani.

Siku hiyo mashine ya kupimia damu ilikuwa imeharibika, na mama wa miwani alikuwa safarini. Daktari kijana aliyeshika nafasi yake alisoma majibu ya mkojo akatabasamu. Damu hakuna, protini hakuna. Kulikuwa na sukari tu, tena nyingi, lakini hiyo akasema ni kawaida ya vile vidonge, huwa vinapandisha sukari. Na kwa kuwa figo zimetulia, vipunguzwe kidogo kidogo mpaka mtoto aviache.

Hapo ndipo bibi alipotakiwa kufungua mdomo. Aliufungua, akasema asante.

Vidonge vilipokwisha, uso wa Kasheshe, uliokuwa umevimba mviringo kwa dawa, ulirudi kuwa wake, na gereji nzima ikashangilia. Fundi wa breki alisema binti sasa anafaa kuchumbiwa na Kasheshe akamwambia akanawe kwanza. Lakini haukupita muda uso ukajaa tena, safari hii kuanzia kwenye kope, kisha miguuni, na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Mafundi wakasema mtoto amenawiri. Bibi alikuwa akimbonyeza usingizini, akilitazama shimo, akingoja lijae, na halikuwa na haraka. Alijua. Hata hivyo akangoja siku ya kliniki ifike, kwa sababu kwenda mapema kungekuwa kukiri.

Mama wa miwani alikuwa amerudi, na mashine ilikuwa imepona kabla ya mgonjwa. Takataka kwenye damu ya Kasheshe zilikuwa zimepanda mara nne. Daktari aliyasoma majibu ya damu, akayasoma tena yale ya mkojo wa safari iliyopita, kisha akamtoboa mtoto kidole akapima sukari. Ilikuwa sawasawa. Akamgeukia bibi.

"Bibi, ule mkojo ulikuwa wa nani?"

Bibi alitafuta utani kila pembe ya kichwa chake. Hata ule mbovu wa kutupia mbwa haukuwepo.

"Ulikuwa wa mkopo," Kasheshe akamjibia.

Daktari hakucheka, na hakugomba pia. Bibi angependa agombe. Aliomba tu kidole chake, akakitoboa kama alivyofanya cha mtoto, akakitazama kile kipimo kwa muda, akaandika.

Sindano ya mgongoni ikawa ile ile waliyoikimbia. Kasheshe alilala kifudifudi, akamshika bibi yake kidole gumba, na ilipokwisha akasema kumbe mbu wa kwao wana sindano kali zaidi.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaonyesha picha mbili. Ya kwanza ilikuwa giza lenye chembe za kijani zinazong'aa, nyingi, zimejikunja kama shanga. Kasheshe akasema ni vimulimuli. Daktari akasema ndio wale askari, hapo walipokwama. Ya pili ilionyesha makovu. Zaidi ya nusu ya vichujio vilikuwa vimekufa, na vilivyobaki vilikuwa njiani. Dawa ingeweza kuchelewesha kidogo tu. Baada ya hapo mkojo utapungua mpaka ukauke, na itabaki mashine ya kusafishia damu, na hiyo nayo ina foleni.

Bibi alimtuma Kasheshe akaangalie kama mvua imeanza, na nje jua lilikuwa linawaka. Mlango ulipofungwa akauliza kama makovu yangekuwa machache endapo vidonge visingeachwa. Daktari alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Baadhi yasingekuwepo," alisema.

"Basi toa figo yangu umpe. Ninazo mbili, na nimezitumia kwa adabu."

"Bibi yangu, mkojo wako ulishatujibu. Mwenye sukari kama yako hatumkati. Na hizo zako zimeanza kuchoka pia."

Kasheshe akarudi, akatangaza kwamba mvua ni ya kesho.

Siku hizi kliniki wanapewa vikopo viwili, kimoja cha mtoto cha figo, kimoja cha bibi cha sukari, na muuguzi anasimama mlangoni mwa choo, mlango wazi, amewakodolea macho. Safari iliyopita Kasheshe alimtazama muuguzi, akamtazama bibi yake, akanong'ona kwa sauti ya kusikika chumba cha pili:

"Bibi, leta chako nikujazie. Wangu hauna sukari. Acha nilipe deni."

Bibi akampa kikopo, kwa kuendeleza tu mchezo. Mtoto alichuchumaa, akakaa, akakaa tena. Muuguzi akageuzia macho ukutani. Mtoto alipoinuka, kikopo kilikuwa kimelowa chini tu, kama kikombe cha mteja aliyekunywa chai akaacha machicha.

"Ngoja kidogo," Kasheshe alisema. "Unakuja."

Bibi alisema haina haraka, akaweka mguu wake mlangoni kama zamani, wakangoja.