Mkono Uliogonga Mara Mbili

Mimi ni fundi cherehani, na koti nililolishona nalijua kama ninavyoijua sura ya mwanangu. Koti la mazoezi la wifi yangu nilimshonea mwenyewe: kitambaa kizito, kola ya matabaka manne, mshono wa kwenda na kurudi ili isichanike hata ikivutwa na fahali. Kwa hiyo siku niliyoikamata kola ile kwa mikono miwili na yeye akanigonga pajani, mtu asije akaniambia nilikosea. Alinigonga mara mbili, kama mtu anayebisha hodi huku akiomba asifunguliwe.

Lakini nikianzia kwenye hasira sitafika, acha nianze mwanzo.

Wifi ni mdogo wake mume wangu wa kufuatana naye. Kwa miaka mingi amekuwa akifanya mieleka ya chini, ile ya kukabana na kubanana bila ngumi, katika ukumbi ulio nyuma ya gereji ya matairi. Alikuwa akiniletea makoti ya wenzake yaliyochanika kwapani, nami nayashona huku nikimcheka kwamba watu wazima wanaacha vitanda vyao wanakwenda kulaliana sakafuni. Akaniambia niache maneno, niende nikajaribu. Nilikwenda ili nimnyamazishe. Siku ile nilitoka jasho ambalo hata uchungu wa kuzaa haukunitoa.

Miezi ya mwanzo nilikuwa godoro la watu. Kila mmoja alinilalia kwa zamu yake. Kulikuwa na mwoka mikate mmoja tuliyemwita Bonge, mtu mpole mwenye uzito wa magunia mawili, ambaye akinikalia kifuani naona dunia inazima. Nilikuwa nikitapatapa kama kuku, naye ananiambia taratibu, “Dada, pumua kwanza. Kufa kutakuja kwenyewe.”

Somo la kwanza kabisa la Mwalimu halikuwa kukaba wala kujinasua. Lilikuwa kugonga. Alituketisha, akashika masikio yake yaliyovimba kwa miaka ya kusuguliwa, akatueleza kwamba ukibanwa, mgonge mwenzako mara mbili popote mkono unapofika, na aliyegongwa anaachia palepale. Haulizi wala hamalizii kidogo. “Hapa refa ni mkono wako,” alisema. “Siku mkono ukianza kusema uongo, mimi nafunga ukumbi nikauze matairi.” Ukutani nyuma yake alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, herufi zikipanda kilima: ASIYEKUBALI KUSHINDWA SI MSHINDANI.

Niligonga sana, jamani. Niliwagonga watu hadi kiganja kikawa na sugu. Ila kidogo kidogo mwili ukaanza kuelewa mambo ambayo kichwa kilikuwa bado kinabishana nayo. Nikajifunza kulala ubavu badala ya kulala chali, kukificha kidevu kifuani, kuingiza kiwiko mahali ambapo goti la mtu linataka kupita. Siku moja Bonge yuko juu yangu na uzito wake wote, nikagundua nawaza nipike nini jioni. Nilikuwa napumua. Nikasukuma nyonga, nikageuka, nikatoka chini yake, naye akafurahi kuliko mimi. Baadaye nikagundua pia kwamba vidole vyangu havichoki. Vidole vilivyovuta jinzi na turubai chini ya sindano tangu usichana, vikishika kola havina haraka ya kuachia.

Sasa, ukumbini kwetu mwanagenzi anayemfanya mkongwe agonge anashonewa utepe mwekundu kwenye ncha ya mkanda wake, mbele ya watu wote. Na kwa kuwa sindano iko kwangu, mshonaji wa tepe hizo ni mimi. Nimewashonea wengine nikiwapigia makofi kwa moyo mweupe. Wa kwangu nilishaukata kutoka kitambaa kilekile, nikauweka kwenye kopo la vifungo, ukawa unanisubiri. Sikuwahi kutamani kitu kidogo namna ile kwa kiasi kikubwa namna ile.

Siku yenyewe, mume wangu alileta gari gerejini kubadilisha tairi, akaja kutusubiri kwenye benchi la ukutani. Hakuwahi kuniona nikicheza. Mcheza kwao hutuzwa, nikajisemea, leo utamwona mkeo. Mwalimu akanipanga na wifi, na bahati tukaangukia upande uleule wa benchi, karibu kabisa na miguu yake.

Wifi alianza na utani wake. “Wifi, unanikaba au unanikumbatia?” Nikamwacha aongee. Mkono wa kulia uliingia ndani ya kola mpaka nyuma ya shingo, wa kushoto ukapita juu yake, viwiko nikavivuta mbavuni kama tulivyofundishwa. Utani ukakatika. Nikasikia pumzi yake inakuwa nyembamba, halafu mkono wake ukanigonga pajani, mara mbili.

Nikaachia. Nilifundishwa kuachia, na mimi ni mtu wa kushika ninachofundishwa. Vidole vilikuwa ndiyo kwanza vinafunguka, tabasamu limeanza kuja, wifi akanipindua. Akaudaka mkono wangu katikati ya mapaja yake, akaunyoosha, akakivuta kiwiko upande kisikotaka kukunjikia. Nikamgonga. Naye akaachia mara moja, sitamsingizia kwa hilo.

“Lakini wifi, si umegonga?” nikamuuliza, bado nacheka, maana nilidhani ni mzaha.

“Nani, mimi? Nilikuwa nakusukuma.”

Hakunitazama usoni. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi iliyokuwa inakuja alikuwa anapimwa mkanda mweusi, na Mwalimu alikwisha kusema hadharani kwamba mkongwe anayegongeshwa na mwanagenzi bado hajaiva.

Mwalimu alikuwa upande wa pili wa ukumbi, akaja kusikia kelele ni za nini. Akaniuliza mimi, akamuuliza wifi, kila mmoja akashika lake. Kisha akamgeukia mume wangu. Paja nililogongwa lilikuwa upande wake, angenyoosha mguu angelifikia.

“Bwana, wewe ulikuwa hapa. Mkono uligonga?”

Mume wangu akamtazama dada yake, akanitazama mimi. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

“Sikuona vizuri,” akasema.

Kazi ya mume wangu ni kupima watu macho. Ana duka la miwani. Anakaa siku nzima akiwauliza watu herufi ya mstari wa chini kabisa, na mtu akidanganya anamjua. Mwalimu akatutazama wote watatu, akasema pasipo ushahidi hakuna utepe, tuendelee na mazoezi. Sikumlaumu. Angefanya nini, na mume wa mtu ndiye amesema?

Garini wifi alikaa mbele, akawa anamsimulia kaka yake habari za kazini kwake. Mimi nilikaa nyuma nikipakata makoti mawili yenye jasho, la kwangu na la kwake, na kila nilipofumba macho nilisikia ule mkono ukinigonga pajani. Tulipomshusha kwake alisema, “Usiku mwema, wifi,” kwa sauti ya kawaida kabisa.

Tulipofika nyumbani mume wangu akanifuata jikoni. Akafunga mlango.

“Niliona,” akasema.

Nitasema ukweli: kwa muda mfupi nilifurahi. Nilifikiri anataka kwenda kunyoosha mambo. Kumbe alitaka tu kuutua mzigo, nami ndiye mchukuzi. Akaanza kunieleza jinsi mdogo wake alivyohangaikia mkanda ule, jinsi mimi bado mgeni na nafasi zangu ziko mbele, jinsi mambo yenyewe ni mchezo tu.

“Na mimi pale nilikuwa nani?” nikamuuliza.

“Wewe ni mke wangu. Nilijua utanielewa.”

Basi nikaelewa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, ila sikuwahi kutazama ndani ya hii. Wifi aliudanganya mkono wake mwenyewe, na hofu ilimtuma. Mume wangu alikaa pale ametulia, hakuna aliyemkaba, akachagua. Nilimwomba jambo moja tu: kabla ya Jumamosi aende kwa Mwalimu aseme alichoona. Akasema Jumamosi ipite kwanza. Ikapita, wifi akafaulu, nikamkumbusha. Akasema sasa imepita, kuna faida gani ya kufukua makaburi?

Jumapili yake mchana mume wangu akaja na mkanda mweusi umefungwa kwenye mfuko. Dada yake alikuwa anaomba nimshonee ncha, zilikuwa zinafumuka nyuzi. Aliuweka juu ya cherehani kwa adabu, akajaribu kunichekesha. Akapiga magoti kwenye zulia la sebuleni. “Hebu nionyeshe hiyo kabali yenyewe, fundi.”

Alikuwa amevaa shati nililomshonea mimi. Nikamwonyesha. Mkono wa kulia ndani ya kola, wa kushoto juu, viwiko mbavuni. Alicheka mwanzoni, kama dada yake. Kisha akanigonga pajani, mara mbili.

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu: sikuona. Vidole vilikuwa vinalingoja tu litoke vimalizie. Nilimchukia, na nilimpenda, na shingo yake ilikuwa mikononi mwangu, ina joto.

Nikaachia palepale.

“Umegonga,” nikamwambia. “Mimi nimeona.”

Akakaa kwenye zulia anajipapasa shingo. Mwishowe akauliza kama basi yamekwisha.

“Nenda kamwambie Mwalimu.”

“Ni dada yangu,” akasema, karibu kwa kuniomba.

Nikarudi kwenye cherehani. Ncha za mkanda nikazishona vizuri, kazi ni kazi. Kisha nikafungua kopo la vifungo, nikatoa utepe wangu mwekundu, nikaugeuza mkanda mweusi, nikaanza kuushona upande wa ndani, pale fundo linapokaa tumboni. Watu wa ukumbini hawatauona. Ila wifi atauona kila siku anapojifunga.

Mume wangu alisimama nyuma ya bega langu, nikamsikia anavaa miwani. Alinitazama nikiushona mwanzo hadi mwisho, na safari hii aliona vizuri. Nilipokata uzi nikaukunja mkanda, nikaurudisha mfukoni, nikampa aupeleke yeye mwenyewe.