Jina Mara Saba

Wakhungu alikuwa akifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili mjini Kajiado mwaka 1991, redio ilipokubali mchezo wake wa kwanza. Kufikia mwaka 2000 alikuwa ameacha chaki, amepanga vyumba viwili Kitengela na kuandika michezo ishirini na tisa. Katika kumi na minane kati ya hiyo, sauti kuu ilikuwa ya Naipanoi, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Mama yake Naipanoi hakujua kusoma. Kila Jumapili saa tisa alasiri aliweka redio juu ya kiti mlangoni, kule Kajiado, ili majirani wamsikie binti yake.

Mwaka huo ulikuwa wa ukame. Kaka mkubwa wa Naipanoi alileta ng'ombe hadi Kitengela kutafuta nyasi, na lori la saruji likamgonga kwenye barabara ya Namanga pamoja na ng'ombe kumi na mmoja. Wakhungu alifika na daftari. Aliandika idadi ya ng'ombe, rangi ya shuka, na jina lililokuwa kwenye kitambulisho. Miezi minne baadaye mchezo ulikuwa tayari. Katika ukurasa wa mwisho dada anasimama barabarani na kumwita kaka yake mara saba. Jina lilikuwa lile lile la kitambulisho. Halitaandikwa hapa.

Naipanoi aliusoma ukurasa huo studioni, akauweka chini.

"Mwalimu, hili siwezi kusema."

"Ni mchezo, Naipanoi."

"Kwetu mtu akifa, jina lake haliitwi tena. Umekaa Kajiado miaka mingapi? Unajua."

Alijua. Aliwahi kuwapa wanafunzi insha kuhusu mila hiyo, na insha ya Naipanoi ndiyo iliyopata alama za juu.

"Nikiweka jina la uongo, msikilizaji atasikia uongo."

"Si ni mchezo? Basi muite Parsaloi. Ama muite Wakhungu, tuone kama utapenda."

Ngui, fundi wa mitambo, alicheka. Wakhungu hakucheka.

Mwishowe Naipanoi alikubali kurekodi kwa sharti moja: kila mahali penye jina angenyamaza. Wakhungu alisema sawa. Naipanoi alirekodi, akachukua mkoba wake, akaenda.

"Mwalimu, hiyo kimya itasikika kama mitambo imekufa," Ngui alisema. "Mara saba!"

Wakhungu alimwita Dolphine, mwigizaji mwingine aliyekuwa chumba cha pili akingojea zamu yake. Dolphine aliliita jina mara saba. Ngui aliikata tepu kwa wembe, akaunganisha vipande saba mahali pa kimya, akairudisha na kusikiliza. Sauti zilifanana kabisa.

"Tumwambie Naipanoi kwanza," Ngui alisema.

"Aliomba asilitaje. Hajalitaja."

Mchezo ulirushwa Jumapili iliyofuata. Mlangoni kwa mama yake Naipanoi walikuwa wameketi majirani tisa. Jina lilipoitwa mara ya nne, mama aliinuka, akaondoa betri za redio moja moja, akaingia ndani.

Jumatatu Naipanoi alikwenda nyumbani. Katoo, mdogo wake, alimzuia kwenye lango la miiba.

"Yeyo anasema leo hana wageni."

"Mimi ni mgeni wa mama yangu? Katoo, si mimi nilisema. Walikata tepu, wakaweka sauti ya Dolphine."

"Dolphine ni nani? Sisi tulisikia wewe. Hata mtangazaji alisema ni wewe."

Alirudi Kitengela, akamwambia Wakhungu maneno machache: "Uliharibu. Nenda utengeneze."

Wakhungu alikwenda. Mama alimpa chai na kumsikiliza mpaka mwisho. Wakhungu alieleza kwa utaratibu jinsi tepu inavyokatwa, na akatoa mfukoni vile vipande saba, ambavyo Ngui alikuwa ameviondoa kwenye tepu, akavipanga mezani. Mama alivitazama, akamuuliza Katoo jambo kwa Kimaa.

"Anauliza," Katoo alisema, "hiyo wembe inaweza kulitoa kwa masikio ya majirani?"

Wakhungu alisema haiwezi. Mama akashukuru kwa kutembelewa.

Tangu siku hiyo mama hakulitaja jina la Naipanoi. Aliyemuuliza habari za binti zake aliambiwa habari za Caroline tu. Naipanoi aliacha redio, akawa karani katika duka la mabati Kitengela. Mchezo ulipata tuzo mwaka 2001, ukachezwa jukwaani Nairobi kwa wiki tatu. Mwaka 2003 Wakhungu aliuleta Kajiado, jina likiwa limebadilishwa. Ukumbi ulikuwa na viti mia tatu. Walikuja watu kumi na wanne, tisa kati yao walimu.

Mama alifariki mwaka 2006. Siku mbili kabla ya mazishi Katoo alifika Kitengela.

"Tunataka wasifu wa marehemu, kwa Kiswahili kizuri. Uliandika ule mchezo, andika na huu. Na wewe ndiye utausoma."

Alimpa karatasi. Wakhungu aliisoma mara mbili.

"Hapa pana watoto watatu. Alizaa watano."

"Kaka yetu hatumtaji."

"Na Naipanoi? Yeye yuko hai."

"Yeyo mwenyewe aliniambia niandike watatu, Mwalimu. Akiwa kitandani. Unataka kumsahihisha?"

Wakhungu alifikiria kuliongeza jina la Naipanoi. Mara moja tayari alikuwa ameweka jina mahali ambapo familia ilitaka kimya, kwa sababu lilikuwa kweli. Alipiga chapa nakala moja.

Naipanoi alikuja mazishini. Aliketi safu ya mwisho ya hema, kando ya majirani, si mbele pamoja na familia. Wakhungu alisoma kwa sauti iliyofika nyuma: mwaka wa kuzaliwa, ndoa, ubatizo. Alipofika kwenye watoto aliinua macho na kumwona akingoja, mikono mapajani, kama alivyokuwa akingoja ishara ya Ngui studioni.

Alisoma Katoo, Caroline na Emmanuel, akanyamaza kidogo, akafungua ukurasa uliofuata.