Behewa Mlangoni

Mwaka 1992 ulipoanza, kampuni ya migodi bado ilitaka kuujengea mji wa Kolwezi, huko Katanga, jumba la makumbusho. Kazi ya kulichora alipewa Laure Ngeleka, mchoraji wa majengo, mzaliwa wa Kapata, mtaa wa wachimbaji mjini humo. Baba yake aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana, kuchimba shaba.

Laure alichora ukumbi unaoteremka kwa ngazi pana, kama shimo la mgodi wa Mashamba, na paa la bati lenye meno kama la karakana. Mlangoni aliweka behewa la mbao, la aina iliyowaleta wachimbaji. Kila mgeni angeingia kwa kupita ndani yake. Mkuu wake, tata Banza, Mkatanga wa kaskazini, aliupenda mchoro akautundika ofisini.

Kisha mishahara ikaanza kukatika, na watu wa Kasai wakaitwa bilulu, wadudu. Vijana wa Kikatanga walipita Kapata wakivunja milango. Mama yake Laure alitolewa nyumbani na godoro tu, akalala kituoni pamoja na maelfu wengine waliofukuzwa, wakingoja treni. Laure alikuwa kazini siku hiyo; Banza akamficha kwake.

“Nimesema na bakubwa,” Banza alimwambia. “Utabakia, umalize plan. Lakini ile wagon, uitoe.”

“Juu ya nini, tata?”

“Habataki batu bakumbuke nani alibaleta bazazi benu.”

“Baba alikuya ndani yake. Mama anangojea ingine sasa hivi.”

“Mutoto wangu, ni mulango tu. Weye ubakie muzima.”

Laure alichukua kifutio, akalifuta behewa, akachora mlango wa kawaida. Ulitokea mzuri. Hilo ndilo lililomuumiza: jumba halikuonyesha pengo lolote. Akampelekea Banza karatasi.

“Plan imeisha,” akasema. “Sasa munipeleke kwa mama.”

Banza alimsihi, mkewe mama Kabemba akalia, lakini Laure alikwisha kufunga mzigo wake. Karibu na kituo vijana wakalizuia gari la Banza.

“Tata, weye Mukatanga, unabeba kilulu?”

Banza alishika usukani, macho ameyakaza barabarani. Laure akafungua mlango mwenyewe, akashuka, akapita katikati yao huku wakimzomea.

Alimkuta mama yake akihara, midomo imepasuka. Treni ilipokuja, wakapanda behewa la mizigo. Mama hakufika Kasai; treni iliposimama porini, Laure na wanawake wengine walimchimbia kaburi kando ya reli kwa sahani na vifuniko vya sufuria.

Jumba halikujengwa. Kampuni iliporomoka, na Banza akarudishwa nyumbani bila chochote. Laure, ambaye sasa alifundisha hesabu Mwene-Ditu, huko Kasai, alizisikia habari hizo kwa msafiri mmoja aliyetoka Kolwezi. Kuhusu mchoro hakuuliza.

“Na mama Kabemba?” akasema. “Yeye ni muzima?”