Kisogo na Dirisha

Muuguzi wa kliniki ya watoto alizungusha utepe kwenye kichwa cha mtoto, akaandika, akapima tena. Kisogo kilikuwa bapa upande wa kushoto.

"Akilala anatazama upande mmoja tu," alisema. "Kuna nini huko?"

"Dirisha," mama alijibu.

"Basi geuza kitanda. Usingizini alale chali kama kawaida, ila dirisha liwe kulia. Akiwa macho, mlaze kifudifudi na mtu amwangalie. Ana miezi minne, kichwa bado laini. Kitarudi."

Mama alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare. Alirudi kazini mtoto akiwa na wiki sita, na tangu hapo mtoto alishinda na bibi yake mzaa mama, mwenye magoti mabovu.

Jioni waligeuza kitanda. Asubuhi dirisha lilikuwa limehamia ukuta wa pili, pazia na vyote. Mahali lilipotoka palibaki plasta kavu.

"Mimi sijaligusa," bibi alisema. "Miguu yangu unaijua."

Waligeuza tena, dirisha likafuata tena. Mwenye nyumba alikuja, akagonga ukuta kwa kidole, akauliza mbona hawakuomba ruhusa. Siku ya nne walisukuma kitanda katikati ya chumba, dirisha likapanda darini.

"Angalau sasa anatazama juu," bibi alisema.

"Akitazama juu, mama, kisogo kitakuwa bapa chote."

Bibi alifikiri. "Kwani kulia alikosema muuguzi ni kulia kwake au kwetu?"



Jumapili mama hakwenda kazini, na chumba hakikuwa na dirisha kabisa. Mtoto aligeuza kichwa huku na huku akimfuata mama yake kati ya jiko na mlango. Jumatatu dirisha lilirudi. Safari hii bibi alichungulia. Hakuona kamba za nguo za jirani. Aliona ukumbi wa kiwanda, na binti yake ameinamia cherehani, safu ya kushoto.

Bibi alipomsimulia, mama alimweleza msimamizi wake, akaomba likizo.

"Wiki sita ulishapewa," msimamizi alisema.

"Basi nihamishe safu. Asubuhi kushoto, mchana kulia."

Hilo msimamizi hakulikataa, mradi hesabu ya mashati isipungue. Mama alihama kila siku saa sita akibeba mkasi na mto wake wa kukalia, na nyumbani shingo ndogo iligeuka pamoja naye. Jioni alimlaza mtoto kifuani pake, kifudifudi, mpaka alipozoea kuinua kichwa bila kulia.

Baada ya miezi mitatu muuguzi alizungusha utepe, akatabasamu. "Umefanyaje?"

"Nilihama."

Siku iliyofuata mshonaji wa vifungo, aliyerudi kazini majuzi na bado maziwa yakimvujia kwenye blauzi, alisogeza kiti karibu na mama.

"Dada, lile dirisha ulilomweleza msimamizi lilikujaje? Wangu ameanza kulalia upande mmoja."

Mama alifungua mdomo amweleze. Kengele ya kazi ikalia, wote wawili wakainamia kazi zao.